Ukuta Uliotoa Machozi

Uvumi ulinikuta kwenye cherehani, na tangu hapo haukunitoka kichwani: ukuta wa chumba cha maombi, nyuma ya madhabahu, unatoa machozi. Ukiyapaka machoni, unaona.

Binti yangu ana ukungu kwenye jicho moja. Daktari alisema tuendelee na matone, tusubiri. Mimi husali kimoyomoyo huku nakanyaga cherehani. Sijawahi kumdai Mungu risiti.

Wifi yangu alinicheka. "Sala ya chini ya ulimi! Mungu akusikieje na makelele ya hiyo mashine?"

"Anasikia, wifi."

"Mbona mtoto haoni? Mimi nataka kitu nikishike mkononi."

Akaja nacho. Kichupa kimejaa machozi ya ukuta, pamoja na kitambaa cheupe nilichomshonea mwenyewe, alichofutia ukuta juzi yake. Nilipogeuka, binti yangu alishakaa kwenye kigoda, kichwa nyuma.

"Shangazi, itauma?"

"Kidogo tu. Ikiuma ujue inafanya kazi."

Nikakishika kile kitambaa, kikachanika mkononi kama karatasi iliyolowa. Kilikuwa matundu matupu. Pamba mpya kabisa! Maji hayali nguo hivyo.

"Umeona?" wifi akasema, furaha imemjaa. "Hata kitambaa kimeshindwa na nguvu!"

Ndipo nikakumbuka aliye upande wa pili wa ukuta ule: fundi betri. Maji makali ya betri kuukuu huyamwaga palepale chini ya ukuta.

Nilimvuta mtoto mpaka kigoda kikapinduka. Nikamweleza wifi. Akanitazama kwa huruma.

"Imani yako ndogo, wifi yangu. Ngoja nikuonyeshe."

Akajimiminia jichoni kabla sijamfikia.

Tulimmwagia maji ndoo kwa ndoo. Ule ukelele bado nausikia kila nikizima cherehani. Jicho lake limebaki jeupe. Fundi betri amehama, lakini ukuta bado unatoa maji, na foleni imefika barabarani. Wifi husimama mlangoni akiwaambia watu kwamba jicho lile sasa linaona mbinguni.

Jana binti yangu akaniuliza, "Mama, shangazi anaona kweli?"

Ndiyo maana naandika, akina mama wenzangu.

Msimpake mtoto kitu msichojua kimetoka wapi.
Msiache dawa ya daktari.
Msimwachie mtoto mtu anayetafuta ishara, hata akiwa shangazi yake.
Kinachotoboa nguo msikiite nguvu.
Msimpime Mungu kwa jicho la mtoto.
Msipite karibu na foleni ile.