Hundi Sita Zisizo na Tarehe

"Huandiki," nilimwambia binti yangu. "Funga hicho kitabu cha hundi."

"Mama, naandika."

"Nimesema huandiki. Unanisikia, au nipige filimbi?"

"Akaunti ni yangu, mshahara ni wangu, mkono ni wangu. Mimi si mtoto tena."

Tulianza kubishana saa nne asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa sita. Mafundi wangu wawili walikuwa wameinamia sketi ambazo hazikuhitaji kutazamwa kwa karibu kiasi kile. Kwenye stuli ya wateja, kati ya meza ya kukatia na mashine ya kudarizi, alikaa mtu wa kampuni ya kukusanya madeni. Alikuwa na bahasha mapajani, na alitungoja tumalize kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ipungue. Fundi wa vifungo alikuwa ameshambandika jina: Bwana Faili.

Nashona sare za shule. Watu wananiita Mama Sare, na nimelizoea. Shule huagiza kabla ya muhula na kulipa zinapojisikia, lakini kitambaa hakingoji. Ndiyo maana kwa miaka tisa mimi na mzee wa duka la vitambaa tulikuwa na utaratibu wetu. Nikichukua majora, namwandikia hundi yenye jina, kiasi na sahihi, kila kitu isipokuwa tarehe. Yeye anazibana kwa klipu nyuma ya kalenda ya ukutani. Shule ikilipa, nampigia simu: "Mzee, peleka moja." Anajaza tarehe kwa mkono wake, anapeleka benki. Miaka tisa, na hakuna hundi yangu hata moja iliyorudi.

Nina diploma ya biashara. Nilijua tangu mwaka wa kwanza chuoni kwamba hundi isiyo na tarehe ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba yako. Lakini mimi nilikuwa nampa mzee, sikuwa nampa mtu.

Halafu mzee akapooza upande mmoja, na ulimi nao ukaenda. Mkwewe akashika duka. Alipotungua kalenda ya mwaka uliopita akakuta hundi sita. Hakuniuliza. Alizijaza zote tarehe moja, akazipeleka benki zote asubuhi moja.

Fedha iliyokuwemo kwenye akaunti yangu ingetosha ile ndogo kuliko zote. Benki ikaanza na kubwa: ikarudi, faini. Ya pili ikarudi, faini. Ilipofikia ile ndogo, faini tano zilikuwa zimeshakula cha kuilipia, nayo ikarudi. Wiki iliyofuata mkwe akazipeleka tena, zote sita, zikarudi tena. Faini kumi na mbili. Nilipokwenda kulalamika, karani wa benki alinigeuzia kompyuta yake nijisomee mwenyewe, taratibu, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya mapafu. Nilikwenda na kwa mzee. Alinitazama kwa jicho moja zima, chozi likamtoka, basi. Ningemdai nini mtu yule?

Mkwe akawakabidhi hundi zangu hawa wa kampuni, mihuri myekundu juu yake, na kampuni nayo ikaanza kuongeza ya kwake.

"Hebu nisomee tena hiyo karatasi," nilimwambia Bwana Faili.

Akasoma. Gharama ya kufungua faili, mara sita, kwa sababu kila hundi ina faili lake. Gharama ya barua. Gharama ya simu. Gharama ya ziara.

"Ziara ndiyo nini?"

"Ni sisi kuja hapa, mama."

"Nyinyi mje, mimi nilipe?"

"Ndivyo ilivyo."

"Hata leo?"

"Leo ni ya tatu."

"Na hiyo stuli uliyoikalia tangu asubuhi, nikutoze kodi?"

Fundi wa vifungo alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Bwana Faili naye alitabasamu kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika.

"Mama Sare, mimi sina haraka," alisema. "Yenye haraka ni saa kumi. Ikifika saa kumi sijarudi na kitu, faili zinakwenda polisi. Hundi bila fedha ni kesi, na hapa ziko sita. Lakini nimeshasema, ofisi inakubali mtu mwingine mwenye akaunti safi aandike hundi tatu za tarehe za mbele. Binti yako amekubali. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo liko hapo hapo alipokubali."

Binti yangu ana miezi minne kazini, kwenye ofisi ya chama cha akiba na mikopo. Bado miwili athibitishwe. Fomu aliyotia sahihi siku ya kwanza niliisoma mimi kabla yake, maana nyumbani kwetu karatasi naisoma mimi kwanza: mtumishi ambaye hundi yake itarudi ataachishwa kazi bila notisi. Alihangaika miaka miwili kuipata kazi hiyo, akizunguka na bahasha ya vyeti mpaka soli zikaisha.

"Shule kubwa italipa mwisho wa mwezi," alisema. "Si umesema mwenyewe?"

"Nilisema. Na mwezi uliopita nilisema nini?"

Akafungua kifuniko cha kalamu.

"Nilisema nini?"

"Ulisema mwisho wa mwezi."

"Na ule wa kabla yake?"

"Mama, sasa unataka nikuangalie tu ukipandishwa gari la polisi mbele ya wateja wako? Nikae kule ofisini nahesabu fedha za watu, wewe uko rumande? Umenisomesha ili iweje?"

Alikuwa ameshaanza kuandika. Nilimwona anavyoandika kiasi kwa maneno, herufi zake zilezile za shule ya msingi, za duara, zilizosimama wima. Bwana Faili alinyoosha mkono, bila pupa, kama anayesubiri chenji.

Hapo ndipo niliposikia uchovu. Sikupata hasira, hasira ningeitumia. Niliona jinsi itakavyokuwa: mwisho wa mwezi shule haitalipa, hundi yake itarudi, itapata faili lake na ziara zake, na mtu kama huyu ataketi kwenye stuli nyingine, mbele ya meza ya mwanangu. Nilipiga hesabu kila upande, na kila upande nilitokea mahali pamoja.

Nikamuuliza Bwana Faili, "Nikikupa fedha taslimu, ya hundi zote sita na hayo maziara yenu, unaniachia hundi zangu?"

"Na barua ya kumaliza deni."

"Leo?"

"Sasa hivi, ninazo hapa. Ila faini za benki si zetu. Hizo ni zako na benki."

Nilitoa simu, nikampigia Fundi Mapazia wa ng'ambo ya barabara. Miaka miwili ananiomba nimuuzie mashine ya kudarizi.

"Leo unauza?" alisema, na nilisikia cherehani yake ikisimama.

"Leo. Njoo na fedha, usije na maneno."

"Mama Sare, ile bei ya mwaka jana siiwezi tena. Mambo magumu."

"Taja."

Akataja. Ilikuwa nusu na kidogo. Alijua, mtaa mzima ulijua. Bwana Faili hakuja akiwa amevaa kofia ya kumficha uso.

"Njoo," nikasema.

Binti yangu aliweka kalamu chini. "Nembo za shule utadarizi na nini?"

"Sidarizi."

"Na oda za muhula ujao?"

"Atapewa mwenye mashine."

Fundi wa vifungo alisimamisha kazi. Mwenzake pia. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwaambia. Bila nembo hakuna sare. Bila sare, kuna kupunguza suruali na kubadilisha zipu, kazi ya mtu mmoja.

"Nilitaka kukusaidia tu," binti yangu alisema.

"Najua. Nenda kazini. Mwambie mkubwa wako umechelewa kwa sababu ya mama yako, hutakuwa umedanganya."

Hakwenda. Alisimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

Fundi Mapazia alikuja na mtu mmoja wa kubeba. Fedha ilihesabiwa juu ya meza ya kukatia, mara mbili, kisha Bwana Faili akahesabu yake. Alinipa hundi sita na barua. Kilichobaki hakikufika hata faini nne za benki. Nilichomoa waya, nikafungua fremu, nikatoa kitambaa chenye nembo iliyodariziwa nusu. Mafuta nilikuwa nimeyatia asubuhi ile.

Mashine ni nzito na mlango wangu ni mwembamba. Fundi Mapazia akasema tungoje atafute mtu wa tatu. Nikavua viatu, nikashika upande wa nyuma, wenye mota.

"Inueni," nikasema.