Barabara Iliyompisha Yvette

Siku Rosalie aliposikia kwamba mumewe amepindisha barabara ya serikali kwa ajili ya mwanamke mwingine, alikuwa jikoni kwangu akikanda unga wa kolache, vile vimkate vyetu vitamu vyenye matunda katikati. Unga ule ulipata kipigo ambacho mpaka leo nauonea huruma.

Mume mwenyewe ni mwanangu Milton. Mwanamke mwingine ni Yvette wa kampuni ya gesi. Na barabara ni hii hii inayopita mbele ya nyumba zetu hapa Moravec. Walikuwa wanaipanua kwa mtindo wa siku hizi: mkandarasi mmoja achore na ajenge papo hapo. Katapila linachimba huku, mchoraji huko bado anafuta na kuanza upya. Sasa kando ya barabara ya zamani kumefukiwa bomba la gesi, bomba la maji na nyaya za simu, na juu kuna nguzo za umeme. Vyote vipishe kabla lami haijafika. Lakini vina wenyewe, na wenyewe si watumishi wa mkandarasi. Hawaamrishwi, wanabembelezwa. Aliyeajiriwa kubembeleza ndiye Milton.

Na anaijua hiyo kazi, simsifu kwa kuwa nimemzaa. Anajua nani amepasuliwa goti, mtoto wa nani anacheza mpira Ijumaa, nani hataki kuzungumzishwa kabla ya kahawa. Kila Jumanne wanakutana kwenye kontena la ofisi pale mradini, na asubuhi yake Milton hupita kwangu kuchukua kolache. Za aprikoti ni za mtu wa umeme, za mbegu za popi ni za Yvette.

"Za popi ni zangu mimi," Rosalie alisema. "Huyo Yvette alianza lini kupenda popi?"

"Tangu alipoonjeshwa," nikajibu. Siwezi kuona kaa la moto nikalipita bila kulipuliza kidogo.

Milton akaingia wakati huo huo, uso unang'aa. "Mama, tumemaliza! Tumesogeza mtaro na ukingo wa barabara upande wa malisho. Bomba la gesi linabaki lilipo. Yvette hahami tena."

Rosalie akaacha kukanda. "Umemsogezea barabara."

"Nimeisogezea gesi, mpenzi."

"Gesi haili kolache, Milton."

"Ni kazi tu! Kuling'oa bomba lile kungetuchelewesha mpaka baridi ianze."

"Mimi nimekuomba uniondolee mashine ya kufulia barazani tangu kabla ya Pasaka. Mashine ina magurudumu. Barabara haina. Nambie kipi kizito."

Milton alinitazama mimi. Mimi nilitazama oveni.

Kuanzia hapo Rosalie akawa mkaguzi wa viatu. Watu wa mradi hupuliza rangi ardhini kuonyesha kilichofukiwa, na kila kitu kina rangi yake: njano ni gesi, buluu ni maji, rangi ya chungwa ni simu. Mwanangu akirudi jioni, mkewe anainamia viatu kabla ya kumsalimu.

"Njano. Ulikuwa naye tena."

"Nilikuwa na bomba!"

"Jana njano, leo njano. Bomba gani hilo lisilochoka?"

Mwisho akaamua kupeleka kolache mwenyewe, amwone huyo mtu kwa macho yake. Alirudi akaketi kwangu bila kuvua koti.

"Nilitaka awe mbaya, Mama. Si mbaya. Nikataka basi awe na maringo. Hana. Amenichekesha mpaka nikasahau nilichoendea."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Kuna yule Boyd wa simu. Alianza kusimulia habari za mbwa wake aliyetolewa jino. Hadithi ndefu, Mama, haina mkia wala kichwa. Na Milton ameegemeza kidevu mkononi anasikiliza! Anauliza: jino la juu au la chini? Mimi nikimweleza jambo, macho yako kwenye besiboli. Nilidhani Mungu alimuumba hivyo. Kumbe kusikiliza anajua, ila kwangu hasikilizi." Akajifuta pua. "Yvette ananiuma, ndiyo. Lakini namwonea wivu hata Boyd. Na yule mbwa."

Nikampa taulo la jikoni. Halafu nikasema, "Inaonekana mwanangu husikiliza mtu mwenye bomba."

Ikawa bahati kwamba chama chetu cha maji, ambacho ni cha sisi majirani wenyewe, kilikuwa kinatafuta mtu wa kukiwakilisha kwenye vikao vya barabara. Ervin Kubala aliyekuwa akienda alikuwa amehamia Houston kwa binti yake. Katika mkutano wa ukumbi wa kanisa nilinyosha mkono kabla hawajamaliza kuuliza, nikalitaja jina la Rosalie. Mwenyekiti akakuna kichwa.

"Mama Albina, si mumewe ndiye atakayetuomba tuhamishe bomba?"

"Ndiyo maana atamjua akidanganya," nikasema.

Watu wakacheka. Ikakubaliwa kwamba sahihi ataweka mwenyekiti, watu wasije wakanong'ona, ila Rosalie ndiye atakayesema njia inafaa au haifai. Hakuna aliyepinga. Soseji zilikuwa zimeshaiva.

Jumanne ya wiki hiyo sinia la kolache nililibeba mimi. Mtu lazima alibebe. Rosalie akaketi upande wa pili wa meza, kati ya Yvette na Boyd, kijibao cha Chama cha Maji mbele yake. Milton akaanza kama anavyoanza kwa wote, kwa jina la ukoo.

"Karibu, Bi Hruska. Goti lako linaendeleaje?"

"Goti bovu ni la mtu wa umeme."

"Samahani. Na mama, hajambo?"

"Mama yangu alikufa. Wewe ulibeba jeneza."

Yvette alijiziba mdomo kwa kolache. Mwanangu, fundi wa kuzungumza na watu, alikuwa ametota shingoni kama aliyemwagiwa ndoo. Akafunua mchoro akaonyesha njia mpya ya bomba la maji. Rosalie akaikataa: inapita chini ya makaburi ya watu wa zamani. Jumanne iliyofuata akaleta nyingine. Akaikataa: inaua miti ya njugu za pikani ya mjane Sulak. Ya tatu akaikubali, nayo ilikuwa ukanda mmoja nyuma ya uzio, maji na simu bega kwa bega.

Sasa njia ya watu wawili hukaguliwa na wote wawili. Rosalie na Boyd Ledbetter wakawa wanatembea ukanda ule siku nzima, wakichomeka bendera ndogo na kupuliza rangi. Boyd ni mjane, mrefu, ana masharubu yaliyochanwa, na anazungumza polepole kama asali ya Januari iliyogandishwa na baridi. Siku ya jua kali alimpa Rosalie kofia yake. Mimi dirishani niliona yote, na nilichokosa kuona nilikisikia, kwa sababu Rosalie alikuwa anacheka mpaka ng'ombe wanageuka.

Jioni alirudi na viatu vyenye rangi mbili. Safari hii aliyeinama ni Milton.

"Chungwa," akasema.

"Na buluu," Rosalie akajibu. "Hiyo ni yangu."

"Kofia ya nani hiyo?"

"Ya jua."

"Njia nzima hiyo mnazungumza nini?"

"Jino."

Milton hakula. Nilimwekea nyama iliyookwa kwa moshi, ile anayoipenda, akaizungushazungusha kwenye sahani. Mke wake alikula vizuri sana.

Wiki iliyofuata, mimi na sinia langu tukiwa tena kikaoni, ukatolewa mchoro mpya. Boyd akauinamia, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Milton, kaka. Maji yamebaki pale pale. Mimi umenihamishia ng'ambo ya barabara, juu ya kilima. Kule ni mwamba mtupu. Nimekukosea nini?"

Bi Pruitt, mkubwa wa mradi, mwanamke mkavu asiyekula kitu cha mtu, akauchukua ule mchoro. "Nani amebadilisha? Njia ilishakubaliwa. Mitambo ya kuchimba inakuja."

"Ni suala la usalama," Milton akasema.

"Usalama wa nani?" Yvette akauliza, sauti tamu kabisa.

Milton alikunja kona ya karatasi, akaikunjua. Bi Pruitt akamwambia wazi kwamba asipotoa sababu ya maana atatafuta mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

"Sababu sina," mwanangu akasema. "Ninachojua ni kwamba mke wangu anashinda na Boyd kule nyuma ya uzio anacheka. Mimi nikipima kina cha bomba, namsikia. Nyumbani hacheki hivyo. Nimekaa nikijiuliza mara ya mwisho lini nilimchekesha, sikumbuki. Basi nikachukua kalamu nikautoa waya."

Boyd akawa mwekundu mpaka masharubu. "Nilikuwa namsimulia habari za mbwa," akasema. "Hata wewe nilikusimulia."

Rosalie alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yake. "Umeumia?" akamuuliza.

"Sana."

"Vizuri. Mimi nimeumia tangu masika." Akamgeukia Bi Pruitt. "Mama, waya urudi ulipokuwa. Mimi na Bwana Ledbetter tutamaliza njia yetu, hatujafika kwenye kijito. Na huyu asifukuzwe. Akifukuzwa atashinda nyumbani, na sijawa tayari."

Bi Pruitt akakubali, kwa sharti kwamba mambo ya maji yashughulikiwe na mtu mwingine ofisini. Halafu, nakuapieni, akanyosha mkono akachukua kolache.

Jumamosi mradi haufanyi kazi, lakini Rosalie na Boyd walitoka kumalizia kile kipande cha kijito. Milton akaja kwangu, akanywa kahawa amesimama, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka uzio bila kuitwa na mtu. Nikasogeza kiti dirishani. Boyd alikuwa mbele, mkono hewani, anasimulia. Nyuma yake Rosalie, na Milton pembeni amekumbatia fungu la bendera. Nikaona anamuuliza kitu. Nikaona amesimama kabisa kungoja jibu, na Rosalie hakuharakisha kulitoa.

Milton alikuwa amesahau simu yake mezani kwangu. Ikalia. Nikatazama jina, nikafuta mikono, nikapokea.

"Milton?" Yvette akasema. "Nilikuwa na swali dogo tu kuhusu lile bomba."

"Milton ana shughuli na watu wa maji, mwanangu," nikamwambia. "Piga Jumatatu."