Ukuta wa Chumba cha Nne

Jumatatu asubuhi mkuu wa chuo alikusanya funguo za madarasa yote, akazitia mfukoni kama baba anayewanyang'anya watoto mpira. Sauti ilikuwa ya upole, lakini maneno yalikuwa mazito. Kila mkufunzi arekodi somo moja kwa simu, alitengeneze kwenye kompyuta, na Ijumaa lionyeshwe ukumbini. Atakayefaulu atarudishiwa ufunguo wake. Atakayeshindwa atahamishiwa maktaba, darasa lake apewe mwingine.

Miongoni mwa wakufunzi hao alikuwamo Mama Subiri. Alifundisha hisabati katika chuo hicho cha ualimu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na muda wote huo alifundishia chumba cha nne. Jina lake walimpa wanafunzi. Akishauliza swali alinyamaza, na mwenye haraka aliyenyoosha mkono aliambiwa, "Subiri, mwenzako anafikiri." Watundu walisema ukimya wake ungetosha kuchemsha chai, ikanywewa, na vikombe vikaoshwa.

Chumba cha tano kilikuwa cha mumewe, mwalimu wa sayansi, mtu wa mizaha isiyokwisha. Baina ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kila darasa la mkewe liliponyamaza, yeye aligonga ukuta mara mbili, maana yake, mmelala huko? Naye mkewe, bila hata kugeuka, alimgongea mara mbili, maana yake, tunafikiri, tuache. Chuo kizima kilijua. Wapo waliosema wale wawili walikuwa wakipeana mapenzi saa za kazi, na hawakukosea sana. Sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu mume huyo azikwe, na chumba cha tano kimekuwa stoo ya viti vibovu.

Mtaalamu aliyeletwa kuwafunza wakufunzi kazi hiyo ya kompyuta alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Mama Subiri. Enzi hizo alikaa dawati la nyuma kabisa, mpole, mzito wa hesabu. Siku hizi ana kitambi na miwani, na kompyuta zinamtii kuliko watoto wake.

"Mwanangu," Mama Subiri alimwambia siku ya kwanza, "mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Mimi nimezoea chaki."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hakuna asiyeweza. Sasa unataka kulila neno lako?"

Mama Subiri akaketi mbele ya kompyuta. Na kusema kweli hakuwa wa mwisho katika mafunzo hayo. Mwalimu wa kilimo, mzee mwenzao na rafiki mkubwa wa marehemu, alipojisikia kwenye spika akisema "Hamjambo?", aliitikia "Hatujambo," wenzake wakacheka mpaka wakapangusa macho.

Jumatano ilikuwa zamu ya Mama Subiri. Mtaalamu alifungua chumba cha nne, akaisimamisha simu kwenye stendi, akatoka. Yeye akabaki na madawati matupu, akayafundisha vilevile alivyofundisha watu. Harufu ya chumba ilikuwa ileile, ya chaki na mbao zilizopigwa jua, na kwa muda akasahau kabisa kwamba yuko peke yake.

Kesho yake walikaa wawili mbele ya kompyuta. Mtaalamu alibonyeza mahali fulani, somo zima likasinyaa likabaki robo.

"Programu hii inakata ukimya yenyewe," alieleza. "Watu hawapendi kungoja."

Mama Subiri akajitazama. Yule mwanamke wa kwenye kioo aliuliza na kujijibu papo hapo, kama mtu anayekimbiwa na basi. Hakumpa mtu nafasi. Mama Subiri hakumpenda.

"Huyo si mimi," akasema. "Urudishe ukimya wangu."

"Mkuu atasema linachosha, Mwalimu. Na ufunguo anao yeye."

"Najua aliye nao. Urudishe."

Akaurudisha. Wakatazama tena, taratibu, mpaka mtaalamu akasimamisha picha. "Hapa kuna kelele. Umegonga ukuta. Hii nayo niiache?"

Hakukumbuka kugonga. Lakini mkono ulikuwa wake, na ukuta ulikuwa uleule. Amemjibu mtu ambaye hakuuliza. Aibu ikampanda, kisha nyuma ya aibu likaja pengo lenyewe aliloachiwa na mumewe.

"Sisi wa nyuma," mtaalamu alisema polepole, "tukisikia ukuta ukigongwa hivyo tulikuwa tunapumua. Tulijua umetuombea muda."

"Basi uache," akasema Mama Subiri. "Nikienda maktaba, niende nikiwa mimi."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Masomo ya wenzake yalipita mbio, yana muziki na rangi. Likaja lake.

"Una kamba moja ndefu, umeinyoosha," alisema kwenye pazia jeupe la kuonyeshea picha. "Ukiikata mara tatu, utapata vipande vingapi?"

Kimya.

"Vitatu," mkuu wa chuo akanong'ona kwenye kiti cha mbele.

Kwenye pazia Mama Subiri akainua kidole. "Mnaosema vitatu, tulieni, mfikirie tena." Ukumbi ukaangua kicheko, na mkuu akacheka nao kwa shida. Kisha kimya kikarudi, kirefu kuliko cha kwanza.

"Imeganda?" mkuu akauliza.

"Subiri, Mkuu," mtaalamu akamjibu.

Kule nyuma mwalimu wa kilimo akashikwa na utani wa zamani. Akagonga dawati mara mbili, kama alivyokuwa akigonga rafiki yake.

Na kwenye pazia, bila kugeuka, Mama Subiri akanyoosha mkono, akamgongea ukuta mara mbili.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kilimo akavua kofia, akaishika mapajani. Mama Subiri mwenyewe, kitini pake ukumbini, alilia waziwazi. Alimkumbuka mumewe, na wakati huohuo alifurahi, kwa kuwa safari hii kulikuwa na aliyeuliza.

Mkuu alikuwa mgeni chuoni, hakujua lolote. Alikuwa bado anahesabu kwa vidole. "Vinne," akasema mwishowe, akiridhika kama mtoto. "Ni vinne." Akatia mkono mfukoni, akachambua funguo, akauleta ule wa chumba cha nne mwenyewe mpaka alipoketi Mama Subiri.

"Chukua, Mwalimu. Ila uniambie kitu kimoja. Ule ukuta mnaugongea nini?"

Mama Subiri akaufumbata ufunguo, akapangusa macho kwa kiganja.

"Subiri," akasema. "Nitakwambia."