Magogo ya Shangazi

Shangazi yangu aliitwa Mama Magogo, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Shamba lake la pasheni lilizungukwa na magogo makavu, mengine yameoza nusu, nayo hayakuwa ya kuni. Ukimuuliza, anakuonyesha tundu la mviringo, pana kama kidole, na nyuki mweusi mnene akichungulia kutoka ndani. "Wapangaji wangu hao," anasema. "Kodi yao ni kazi."

Baba, mdogo wake wa kumfuata, alikuwa seremala, na nyuki hao aliwachukia kuliko mchwa. Walitoboa paa letu, wakatoboa mbao alizoanika karakanani. Kila Jumamosi alizunguka na chupa ya mafuta ya taa, akiwamwagia tundu baada ya tundu.

Babu alikuwa amewaachia Baba na Shangazi pori dogo la mteremkoni, nusu kwa nusu. Mwaka ambao karakana ilikosa kazi, Baba aliwapa wachoma mkaa nusu yake. Majirani nao wakatoa vichaka vyao. Baba na wachoma mkaa walipofika kwenye mpaka wa nusu ya Shangazi, walimkuta amekaa juu ya kisiki, anachambua mboga.

"Dada, kichaka hiki kinakupa nini zaidi ya nyoka na miiba?" Baba aliuliza.

"Kinanipa pasheni."

"Pasheni ziko shambani."

"Ziko shambani, mdogo wangu, lakini hazianzii huko."

Baba alicheka, akawaambia wachoma mkaa kwamba dada yake ana kichwa cha jiwe. Wakaondoka.

Pasheni ndizo zilizotulisha kijiji kizima. Gari la kiwanda cha juisi lilikuja kila wiki, na ada zetu za shule zilitoka kwenye magunia ya Mama. Msimu wa pili baada ya pori kukatwa, maua yalijaa kwenye waya kama kawaida, kisha yakaanguka bila kuacha tunda. Mama akaweka mbolea, akapiga dawa. Msimu uliofuata yakaanguka tena. Vijana wakaanza kwenda mjini kubeba mizigo. Mwishowe dereva wa gari akasema hawezi kupanda mlima wote ule kwa ajili ya shamba moja.

Shamba hilo moja lilikuwa la Shangazi. Watu wakaanza kunong'ona. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kunong'ona, alinishika mkono tukaenda kwake mchana kweupe.

"Wifi, nimekuja kuuliza. Kama kuna dawa unatia, niambie, na mimi nitie."

Shangazi hakukasirika. Alitusimamisha mbele ya ua lililofunguka. Nyuki mmoja mweusi akatua, akazama kutafuta utamu, akatoka na mgongo uliojaa unga wa njano, akaruka hadi mmea wa pili.

"Ua hili linataka unga wa mwenzake," Shangazi alisema. "Bila huyu wa kuupeleka, linabaki pambo. Naye anataka mti mkavu wa kulala, na maua ya pori ya kula wakati pasheni hazichanui."

Mama alirudi nyumbani asigombe na mtu. Alichukua brashi ndogo ya vanishi, akamwekea Baba mkononi. "Nyuki umewaua. Basi njoo ufanye kazi yao."

Siku tatu Baba alihamisha unga ua kwa ua, kuanzia saa sita mpaka maua yanapojifunga, mgongo ukimuuma, majirani wakimtania. Baada ya wiki, karibu kila ua aliloligusa lilikuwa limeshika tunda. Yale ambayo hakuyafikia yalikuwa chini, yamenyauka.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa dada yake. Sote tulingoja aambiwe kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Dada, nimekosa."

"Shika upande huo," Shangazi alisema. "Hili zito."

Walibeba magogo sita hadi shambani kwetu kabla jua halijapata moto, nyuki wakiwa bado ndani, matundu yamezibwa kwa majani.

Baba akawa seremala wa nyuki. Aligundua kwamba hawapendi mbao zilizopakwa rangi, akapaka paa letu lote. Akagundua wanapenda mti mlaini, akawatundikia vipande chini ya waya. Visiki vyake vya mteremkoni akaviacha vichipue. Majirani waliomtania walikuja kuomba magogo, na kwenye mkutano wao wanawake wa kijiji wakakubaliana kwamba vichaka vilivyobaki visiguswe tena.

Ilichukua misimu minne. Gari la kiwanda lilirudi, kwanza kila mwezi, sasa mara mbili kwa wiki. Vijana wengi waliokuwa mjini wamerudi kwenye mashamba yao. Mimi nilimaliza shule.

Mwaka jana walikuja wageni wa kilimo, wakamwendea Baba karakanani kwa kuwa ndiye aliyekuwa na brashi sikioni na vumbi la mbao mabegani. Wakamwomba awaeleze ujuzi wake.

"Mimi ni fundi tu," Baba alisema. "Mwenye ujuzi yuko kule juu. Nendeni taratibu, maua yamefunguka."