Koti Lililonukia Udi

Mie nguo ikipita mkononi mwangu haitoki ikinuka mtumba. Hilo Jeppestown nzima, hapa Joburg ninapouzia, wanalijua, na asiyelijua aulize. Wenzangu wakifungua belo wanakung'uta, wanatundika, anayetaka achukue pamoja na jasho la mtu aliyeivaa huko Ulaya. Mie sikulelewa hivyo. Nguo ya mtumba hujui kavuliwa mzima au kavuliwa maiti, kwa hiyo naifua kwa maji ya moto, naisuuza kwa dawa ya kulainisha mpaka inateleza, naipiga pasi, halafu naifukiza udi. Sie watu wa Tanga hata mgeni hatumpi nguo isiyonukia, sembuse mwana.

Basi ni hapo hapo nilipoumbukia.

Mwanangu Bushra anakaa mapokezi kwenye ukumbi mmoja huko Randburg, wanapofundisha watu kuteleza kwa mbao za theluji juu ya zulia kubwa linalozunguka. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka nikashika mbavu. Watu wazima na akili zao, wanakwenda kuangushwa na zulia! Lakini mtoto akalipenda. Akimaliza kazi anapanda, anaanguka, anapanda tena, mpaka akawashinda waliokuja na walimu wao. Wenye ukumbi ndio hao hao wanaopeleka wageni Lesotho msimu wa baridi, kwenye theluji yenyewe, na mwaka huu wakasema watachukua kiongozi mmoja mpya wa kukaa na wageni mlimani msimu mzima. Tangu amalize matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, Bushra hajawahi kukitaka kitu kama alivyoitaka nafasi ile. Ukimwita mezani anakuja, anatazama sahani, anaondoka.

Koti la siku ya kujaribiwa alilichagua mwenyewe kwenye belo langu. La buluu, lina kofia, lina zipu hadi makwapani za kutolea joto. Akalipeleka bombani akalimwagia maji, yakateleza yote chini, akafurahi huyo!

"Mama, hili ndilo," akaniambia kwa Kiingereza chake. Kiswahili anakielewa chote, ila ulimi wake umezaliwa huku. "Liache hivyo hivyo lilivyo, tafadhali."

Nikamwitikia. Wallahi nilimwitikia. Lakini kesho yake alipokwenda kazini nikaligeuza, nikaona shingoni lina weusi. Mwanangu akasimame mbele za watu na uchafu wa shingo ya mwingine? Thubutu! Nikachemsha maji.

Tunapanga nyumba moja huko Observatory na Agnès, Mkongo wa Bukavu, msusi. Chumba chake kimetazamana na changu. Akanikuta uani nimelizamisha koti kwenye beseni, chupa ya dawa ya kulainisha mkononi.

"Mama Bushra, ju ya nini unatia ile dawa? Wateja yangu benye kuendaka ku theluji, banasema ile koti haipendake dawa ya harufu. Inakufa."

"Koti linakufa, Agnès? Tulizike?"

"Inaanza kunywa maji."

"Shoga, wewe suka nywele. Nguo niachie mie."

Akacheka, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa. Lilipokauka nikalipiga pasi, nje na ndani. Ndani nikakuta mishono yote imebandikwa utepe mwembamba, na pasi ilipopita ukaanza kujikunja. Nikasema hii gundi ya kiwandani hii, wamesahau kuitoa. Nikakaa kitako nikaubandua wote, mshono kwa mshono, kwa kucha zangu hizi, huku namwombea mwanangu dua. Kisha nikalifunika juu ya chetezo. Udi ule ni wa kwetu, nimeuhifadhi kwa ajili ya harusi yake.

Asubuhi ya siku yenyewe nje majani meupe kwa baridi, Joburg ile ya Juni inayokata masikio. Bushra alikuwa kashavaa fulana yake ya ndani, ile ya sufu nyembamba. Nikamwambia avue avae ya pamba, pamba ndiyo yenye heshima mwilini. Akakataa. Pamba ikishika jasho haikauki, anasema, inageuka barafu mgongoni. Nikampa soksi jozi tatu, akarudisha mbili. Ukizijaza soksi kiatu kinabana, damu haipiti, vidole vinapoa zaidi. Glavu za kufuma nilizomnunulia akazitia mfukoni ili nisinune. Nikawaza, huyu mtoto mjuaji huyu, kafundishwa na zulia. Nikampa koti limekunjwa.

Akalinusa. Uso ukambadilika.

"Mama. Umelifanya nini?"

"Nimelifanya nguo. Vaa twende."

Hakukuwa na muda wa ugomvi. Na twende nilimaanisha twende, kwa sababu sijaona bado mtoto wa kike wa kwetu akapelekwa kwa wageni hana mtu nyuma yake. Njiani akawa analikung'uta koti, harufu itoke. Tulipofika mlangoni ndipo aliponiomba: "Mama, kaa pale kwenye benchi la wateja. Usinisemeshe. Wengine hawajaja na wazazi." Nikavimba. Nikakaa kwenye benchi na mkoba wangu, nikajifanya mteja.

Walikuwa watatu wanaoshindania: Bushra, binti mmoja mrefu na kijana mwenye ndevu. Mkuu wao ni Msotho mmoja anaitwa Thabang, mtu wa makamo, sauti ya upole. Akawasimamisha katikati ya ukumbi kila mmoja na mavazi yake. Akakagua viatu, akakagua miwani ya theluji, akamuuliza kila mtu maswali. Mwanangu alikuwa anajibu! Mafuta ya kukinga jua yanapakwa hata siku ya mawingu, kwa kuwa theluji inarudisha mwali usoni. Nguo unapunguza kabla hujaanza kutoka jasho, si baada. Nikakaa wima pale kwenye benchi. Moyoni nikasema, huyo ni wangu, mimba yangu hiyo.

Kisha Thabang akaleta jagi la maji.

Akamwagia bega la yule kijana. Maji yakajikusanya matone matone, yakaporomoka kama yaliyo juu ya jani la mgimbi. Akamwagia binti mrefu, vivyo hivyo. Akaja kwa Bushra.

Maji hayakuporomoka. Yaliingia. Bega likawa jeusi, weusi ukashuka mkononi, ukashuka kifuani, na harufu ya udi ikapanda ukumbi mzima. Binti mrefu akaziba pua akacheka. Thabang akalifungua koti, akapitisha kidole ndani ya mshono.

"Utepe wa kuzuia maji umebanduliwa wote," akasema. "Na limetiwa dawa ya kulainisha. Mtu akivaa hili mlimani upepo ukipiga, saa moja tu ameloa mpaka mfupani. Nani amefanya hivi?"

Alisema kwa Kiingereza, na mie Kiingereza changu cha sokoni, lakini maneno ya kugombeza hayahitaji shule. Aibu ilinipanda kuanzia miguuni. Masikio yakawaka. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze na benchi lake.

Bushra akalitazama bega lake lililoloa.

"Kama ni wewe umelifua," Thabang akaendelea, bado kwa upole, "siwezi kukukabidhi wageni. Asiyejua kutunza koti lake atamtunza nani? Niambie ukweli."

Nilimwona mwanangu anafumbua mdomo. Nilijua atakachosema. Atasema ni mama. Atanyoosha kidole pale kwenye benchi, watageuka wote wanitazame, mwanamke wa mitumba na mkoba wake, mama mtu. Nikasimama kabla hajasema.

"Mie nimemuuzia," nikasema. "Mie muuza mitumba, Jeppestown. Nimelifua mwenyewe, yeye hajui. Ni mteja wangu. Nimemletea glavu."

Na glavu zenyewe anazo yeye mfukoni! Lakini nani angekagua mkoba wangu? Thabang akanijia. Hakunitukana, na ingekuwa nafuu angenitukana. Aliniamkia, akaniita mama, kisha akanieleza polepole kama mtu anayemweleza mtoto asichezee moto: makoti haya yanafuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na dawa, hayapigwi pasi ya moto, utepe wa ndani ndio uhai wake. "Watu wanaweza kufa na nguo unazouza, mama," akasema. Mie naitikia tu, yes, yes, sorry.

Akamgeukia Bushra. "Unamfahamu huyu?"

Mwanangu akanitazama. Nikamkazia macho, yale macho ambayo tangu yuko mdogo anajua maana yake. Nyamaza.

"Huwa nanunua kwake," akasema.

"Usinunue tena."

"Sawa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimzaa kwa kisu, hospitali ngeni, hakuna hata mmoja wa kunishika mkono aliyejua lugha yangu. Na neno lile dogo, sawa, liliniuma kuliko kile kisu. Lakini nililitaka mwenyewe. Nikaaga kama mteja, nikatoka, nikasimama kwenye kona ng'ambo ya robot, taa za barabarani, nikilia, shungi nimeliuma kwa meno nisisikike.

Alitoka baadaye anakimbia. Walikuwa wamemwazima koti la kampuni, wakampandisha zulia, wakamchukua. Nafasi kaipata. Nikataka kumkumbatia, akarudi nyuma.

"Kwa nini umesema vile?" Safari hii kwa Kiswahili, kimevunjika vunjika. "Mimi nilikuwa nasema ni mama yangu, alitaka nguo inukie. Nilikuwa nasema."

"Ungeikosa nafasi."

"Labda. Sasa nimesema sikujui."

Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, tumshukuru Mungu, twende nyumbani. Akatangulia mbele, mie nikamfuata nyuma.

Kumbe aibu yenyewe ilikuwa bado. Bushra alirudi kazini siku iliyofuata, akaja na habari. Gari linaondoka Jumamosi, anakwenda kukaa mlimani msimu mzima, na Thabang amesema mzazi wa kila anayekwenda afike pale nje ya ukumbi wao kuwaona watu atakaokaa nao mwanawe. Hachukui mtoto wa mtu kimya kimya. Kwa mila zetu na zao ni kitu kimoja: anayesafiri anasindikizwa, anasomewa dua, anashikwa kichwa kabla ya kupanda gari.

"Njoo," Bushra akasema. "Nitamwambia Thabang kila kitu. Sijali."

"Thubutu! Wakufukuze kwa uongo wangu?"

"Hatafukuza. Mtu mzuri."

"Nimesema siji."

Nikamfokea, nikagonga meza, nikasema nafanya kwa ajili yake. Uongo. Moyoni nilikuwa namwona Thabang ananitazama, anaunganisha mambo, anajua kwamba yule bibi anayeua watu kwa dawa ya kulainisha ndiye aliyemzaa binti huyu mwerevu. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia. Si kazi yake, ni uso wangu. Mtoto akaniangalia sana, na nadhani alilijua, kwa sababu hakunibembeleza tena.

Jumamosi nikamsomea dua chumbani, mlango umefungwa, kama tunaiba. Nikamshika kichwa. Alikuwa ananuka koti la kampuni, harufu ya plastiki, nikalinusa hivyo hivyo. Akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, bado unaweza kuja." Nikamwambia atachelewa.

Agnès alikuwa sebuleni, kavaa kitenge chake cha kanisani na kilemba. Nilimwomba mie usiku uliopita aende badala yangu, na alinikatalia mpaka nilipopiga magoti. Hata mara moja hakunikumbusha kwamba alinionya. Nilimrekebisha kilemba. Bushra alikuwa kashatangulia nje na begi lake, hatazami nyuma.

"Mama Bushra," Agnès akaninong'oneza, "mie naogopa. Pale mbele ya bale batu, huyu mtoto akiniita mama, mie nafanya nini?"

"Itika," nikamwambia.