Kichuguu cha Maman Berthe

Maman Berthe aliingia Brussels na jembe. Mpini aliuacha kwao Likasi, Kongo, kwa jirani, akisema Ulaya hawawezi kukosa mti, ila chuma chenyewe alikifunga katika vitenge viwili na kukilaza sandukuni kati ya samaki wakavu. Walioshangaa jembe lingelima nini kwenye ghorofa la Evere, mtaa wa jiji hilo, hawakujibiwa. Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima, lakini nadhani hawakuwahi kukutana na mama huyu.

Mimi, Frida, nilikuwa mpangaji tu pale. Nilitoka Mufindi mwaka 2008 kusomea shahada ya pili ya elimu ya udongo, na binti wa Maman Berthe, Océane, akanipa chumba kilichokuwa cha kupigia pasi. Océane alikuwa muuguzi, mjamzito, na mumewe dereva wa malori ya masafa marefu ambaye tulimwona zaidi kwenye picha ya sebuleni kuliko sebuleni kwenyewe. Océane alimleta mama yake ili mtoto atakapozaliwa pawe na mtu mzima nyumbani. Kwa kweli sote wawili tulimhitaji huyo mtu mzima. Kabla hajaja nilikuwa nakula mkate na jibini asubuhi, mchana na jioni, na nilianza kuwa na tabia za mtu anayekula hivyo.

Basi alipokuja tulikula. Lakini miezi miwili haikuisha, mpishi wetu akaanza kunyauka. Alikaa dirishani akitazama mabasi. Kanisani walimpenda, ila alirudi kutoka huko amechoka kama aliyetoka msibani. Akaanza kusema atarudi Likasi, na kila mtu alijua kwamba Likasi hakukuwa na wa kumpokea: mume alishazikwa, nyumba ilishauzwa, ndugu walishatawanyika. Océane alilia jikoni huku akikata vitunguu, ili ionekane ni vitunguu.

Ni Océane aliyepata wazo la shamba. Chama kimoja cha bustani kilikuwa kinagawa vipande vya ardhi kusini mwa jiji, kwenye kilima cha mchanga kinachopakana na msitu, mahali ambapo misonobari ilikuwa imekatwa karibuni. Mama alipewa kimoja. Alikizunguka, akachota udongo, akaunusa, kisha akatamka mbele yetu maneno ambayo sikuyapenda hata kidogo.

"Kama bulongo hii inanikatala, ni inchi njo inanikatala. Mwezi wa tisa nitarudia kwetu."

Hayakuwa maneno ya mzaha. Watu wa kwao hawaapi kwa udongo ovyo. Kuanzia siku ile Océane hakuuliza tena mama yake amelalaje. Aliuliza shamba limeamkaje.

Aprili Maman Berthe alilima, na alilima kweli. Fundi mmoja wa kanisani alimchongea mpini, naye akazamisha jembe hadi shingoni, kama wanavyofanya Katanga wakitengeneza matuta. Chini ya ngozi nyembamba nyeusi ya sindano zilizooza, jembe likafichua tabaka la kijivu, laini, safi. Aliliona akapiga vigelegele peke yake kilimani. Kwao shamba jipya hukatwa, miti hulundikwa, moto hupigwa, na penye majivu ndipo chakula kinapoanzia. Jumapili alitangaza kanisani kwamba Mungu amempa ardhi iliyokwisha kuchomwa na watu wa zamani, majivu tele, kazi yake ni kupanda tu. Wamama waliimba. Akarudi na kuchimba zaidi, akayatoa yale majivu yote juu, akafukia ule weusi chini, akapanda lenga-lenga, yaani mchicha.

Mimi nilikuwa na mitihani, sikwenda kuona. Lenga-lenga ziliota kidogo, zikageuka njano, zikalala. Alipanda tena, zikalala tena. Mwanzoni mwa Juni Océane aligonga mlango wangu na tumbo lake kubwa, akaniuliza kama shule yote ile ninayosoma inaweza kufika mpaka kwenye shamba la mama yake. Niliona aibu. Nilichukua koleo na kichupa changu cha dawa ya kupimia tindikali, tukaenda mimi na Maman Berthe.

Nilipofika sikuhitaji kupima, ila nilipima kwa heshima. Tone lilipogusa mchanga wa kijivu likawa jekundu palepale. Nikachimba shimo pembeni, mahali ambapo jembe lake halijapita, na matabaka yote yakajipanga: ngozi nyeusi, kisha kijivu, kisha mkanda wa kahawia iliyoiva karibu na nyeusi, kisha rangi ya kutu, kisha mchanga wa njano unaoendelea hadi usikojua. Nilifurahi, naungama. Ilikuwa sawasawa na picha ya kitabuni. Nikasema kwa sauti, "Podzoli," kama mtu aliyekutana na binamu yake.

Maman Berthe aliniuliza hilo ni jina la nini. Nikamweleza. Sindano za misonobari zikilowa hutoa maji makali. Mvua inayashusha, na mchanga hauna nguvu ya kuyazuia, basi yanaosha kila chenye manufaa, chuma na chakula pamoja, na kwenda kukituliza chini kwenye ule mkanda mweusi. Kinachobaki juu ni punje tupu, kama mchele uliooshwa mpaka ukaisha ladha. Si majivu, nikasema. Hakuna mtu aliyechoma chochote hapa. Ile ngozi nyeusi aliyoifukia ndiyo ilikuwa chakula pekee, na alichokileta juu ni njaa.

Ningeweza kusema hayo taratibu. Lakini mimi nikijua jambo sijui kulisema taratibu, mama yangu mzazi amenikanya mara nyingi. Maman Berthe alisimama ameshika mpini.

"Donc mi niliambia kanisa nzima bongo," alisema. Bongo, kwao, ni uongo.

Nikajaribu kurekebisha, nikaharibu zaidi: nikasema kosa ni la rangi, yeyote angedanganyika. Yeye alifuta jembe kwa majani, akalifunga kwenye kitenge, na usiku ule Océane alimkuta anatafuta sanduku juu ya kabati. Kwa wiki mbili alinipikia na hakunisemesha. Wali wa mtu asiyekusemesha haupiti kooni. Nilijichukia, na nilimchukia kidogo na yeye, kwa nini mtu auweke uhai wake wote juu ya kilima cha mchanga?

Katikati ya Juni darasa letu lilipelekwa Kempen, tambarare ya kaskazini, ambako maji na pepo za enzi za barafu zilitandaza mchanga mpaka macho yanachoka. Mwalimu wetu alikuwa amechimbisha mashimo mawili. La kwanza lilikuwa chini ya misonobari: Podzoli tupu, kijivu cheupe kama kile cha Maman Berthe. La pili lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, katikati ya shamba la viazi. Humo weusi ulianzia juu ukashuka hadi kiunoni mwangu, mzito, wenye vipande vya vigae na mkaa ndani yake. Na chini kabisa, ukiinama, kilionekana kile kijivu kilekile, kimelala kimya.

Tuliambiwa tuuainishe. Nikanyoosha mkono wa kwanza, kama kawaida yangu, nikasema Podzoli, kwa kuwa ndiyo iliyo chini. Mwalimu akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba wakulima wa huko, kwa mamia ya miaka, walikata magugu ya nyikani pamoja na mizizi yake, wakayatandika zizini chini ya ng'ombe na kondoo, na yalipokwisha kujaa samadi wakayabeba kwenda kuyamwaga juu ya mchanga. Kila mwaka safu kidogo, baba kwa mwana. Ardhi ikapanda. Na weusi ukifika nusu mita, kitabu hakiuiti tena kwa jina la kilicho chini. Unahamia kundi jingine kabisa, kundi la udongo uliotengenezwa na watu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo nimeikariri tangu darasa la tatu, na siku ile nilitambua kuwa sikuwahi kuielewa. Kwenye basi la kurudi wenzangu waliimba, mimi nilikuwa namtafuta Maman Berthe kichwani, jinsi ya kumwambia bila kuharibu.

Nilimkuta anachambua maharage. Sikusimama, nilikaa chini sakafuni kama mtoto anavyopaswa, nikaomba radhi kwanza. Kisha nikamsimulia mashimo yote mawili. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipofika kwenye samadi mikono yake ilisimama. Kwao Likasi, aliniambia, shamba likikosa nguvu watu hawahami tu, huenda kubomoa kichuguu cha mchwa na kuutawanya udongo wake, maana mchwa amekusanya humo vitu vyema vya miaka na miaka. Alikuwa ameangalia kilima kile chote na hakuona kichuguu hata kimoja. Hilo lilimwogopesha kuliko zile lenga-lenga zilizokufa, ila hakumwambia mtu.

"Bale bantu balikosa kichuguu," alisema polepole. "Bon. Bakajijengea yabo."

Akaniambia nimpe sufuria, na nile, nimekonda.

Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani. Alisema yale hayakuwa majivu, alikosea, na sasa anaomba majivu ya kweli. Hakuna aliyecheka, au waliocheka walicheka kwa upendo. Papa Kazadi, mzee anayechoma mbuzi kwenye kila sherehe ya Wakatanga wa Brussels, alitoa majivu ya jiko lake. Wamama walileta maganda ya ndizi na ya viazi kwenye mifuko, ndani ya tramu, huku abiria wakiziba pua. Jérôme, Mbelgiji mwenye kipande cha jirani, alikuwa na farasi wawili, akawa anamwaga samadi mpakani bila kuulizwa, kisha anapewa sahani ya sombe, kisamvu cha Kikongo, iliyofunikwa. Mimi nilipima tindikali na kusema chokaa iongezwe wapi. Jembe sasa lilipita juujuu tu, na matuta yalijengwa kwa kile kilicholetwa.

Mwishoni mwa Juni tulipanda matembele, vipando vya viazi vitamu vilivyochipua kwenye dirisha la Océane. Mmea huo haupendi anasa, mchanga unaufaa, na tindikali kidogo haiukasirishi. Agosti alizaliwa Victorine. Septemba ilipofika matembele yalikuwa mafupi, mengine yana vidonda vya baridi, na yote tuliyochuma yalijaza sufuria moja. Maman Berthe aliyapika kwa mawese, akamlisha Océane kwanza. Tulikula tukimtazama, hakuna aliyethubutu kuuliza. Alipomaliza aliosha sufuria, akaagiza nimtafutie mtu mwenye mbegu nyingi zaidi kwa mwaka ujao. Océane alikwenda jikoni akalia, na safari hii hakukata kitunguu chochote.

Nilirudi Tanzania, nikawa mwalimu Morogoro. Mwaka 2017 nililetwa Brussels na mkutano, na kabla ya kufungua sanduku nilikwenda kilimani. Maman Berthe alikuwa amepinda mgongo, mpini wa jembe umebadilishwa, na Victorine alikuwa anamwagilia matuta huku akimjibu bibi yake nusu Kifaransa. Mama alinikumbatia, akanipa koleo. Alitaka shimo.

Nikachimba. Weusi ulikuwa mwororo, wenye minyoo, ukanuka vizuri. Chini yake kijivu kilikuwa kimelala kimya.

"Sasa iko na jina gani?" aliuliza.

Nilijua anachotaka kusikia, na nilitamani kukisema. Lakini nilimheshimu mno. Nikapima kwa mkono wangu, nikamwambia kwamba weusi umeshuka upana wa kiganja kimoja tu, na kitabu kinataka nusu mita. Kwa jina bado ni Podzoli.

"Inabakia miaka ngapi?"

Nikasema kwa mwendo huu labda thelathini. Alimtazama mjukuu wake, akaanza kuhesabu kwa midomo.

"Victorine iko na huit ans," alisema, yaani miaka minane. "Atamalizia. Na mi mutanizika kule Evere, karibu na nyumba, apate mahali ya kuniuliza."

Alinipokonya koleo na kuanza kufukia shimo mwenyewe, bila haraka: kijivu chini, cheusi juu.