Siku Mshahara wa Bosi Uliposomwa

Kwao walimwita Bosi, na jina hilo lilikuwa linamgharimu. Ukoo mzima ulijua kwamba binti yao ni Mkurugenzi wa manispaa. Ulijua pia kwamba wakubwa wa manispaa hujifungia chumbani wakajipangia mishahara wenyewe. Basi hesabu ikawa nyepesi: mtu anayejipangia mshahara atajipunja vipi? Nyumba ya mama ilipoanza kujengwa upya, kikao cha familia kilimbebesha nusu nzima ya gharama bila hata kumuuliza. Naye akaitikia huku anatabasamu. Kufa na tai shingoni ni ugonjwa jamani, na yeye ulikuwa umemkamata vibaya.

Maana hakuwa Mkurugenzi. Alikuwa Kaimu. Mkurugenzi wa mwisho alipohamishwa, yeye aliambiwa akalie kiti kwa miezi michache, na hiyo miezi ikageuka miaka. Kazi yote ya Mkurugenzi aliifanya yeye, ila mshahara ulibaki ule ule wa mkuu wa idara, na posho kidogo ya kumfuta machozi. Fundi aliyeandika kibao cha mlangoni alikosa nafasi ya neno "Kaimu", akaliacha. Yeye alikiona kibao, akanyamaza. Siku mama alipokuja kumtembelea kazini, akapiga picha chini yake, ikawa ndiyo imetoka hiyo. Utaanzia wapi kumwambia mama kwamba kibao kina kasoro?

Sasa yalibaki mabati ya nyumba ya mama. Benki ilishamkopesha mpaka ikamchoka, na alichobakiwa nacho ni kiwanja chake, kile alichokinunua kwa jasho tangu akiwa karani, akiota kajumba kake ka kustaafia. Dalali alishapata mnunuzi. Wangesainiana Ijumaa.

Alhamisi ndiyo ikawa siku ya kusoma mishahara. Baraza lilikuwa limepitisha utaratibu mpya ulioigwa kwenye makampuni: jopo la watu wa nje linasoma mshahara wa kila mkuu mbele ya wananchi, linamuuliza amefanya nini, kisha linamtoa nje na kupiga kura kama anastahili. Bosi aliupinga utaratibu huo kwa udi na uvumba.

"Serikali si kampuni," alimwambia kaka yake mkubwa Jumapili, mezani kwa mama. "Nyinyi mnapimwa kwa faida. Mimi nikizibua mtaro, faida yake utaisoma wapi?"

Kaka yake alikuwa meneja wa kiwanda cha rangi, mtu wa kubisha hata akiwa anatafuna. "Mimi kila mwaka wenye hisa wananitoa nje kama mtoto aliyevunja kikombe, wanajadili ninachokula. Mwaka jana wamenikata. Nimekufa? Nyinyi mnakula hela za kina mama kama huyu, halafu kuulizwa hamtaki."

"Mtukate, halafu muone nani mwenye akili zake atakuja kufanya kazi kwetu. Wote watakimbilia kwenye rangi."

"Anayekimbia maswali mwache aende. Kwani wewe Bosi unaficha nini?"

Akacheka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama akamtazama kidogo, kisha akaendelea kukusanya sahani.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Familia ilikaa safu ya tatu, mama na mtandio mpya, kaka amekunja mikono. Bosi alifikiria kusingizia kichwa kinamuuma aondoke zake, lakini mwenyekiti wa jopo, mhasibu mstaafu mwenye sauti kavu, alishafikia zamu yake.

"Mkurugenzi," akasoma. "Mshahara wa nafasi hii hakuna anayelipwa. Nafasi iko wazi. Kazi inafanywa na Kaimu, ambaye analipwa kama mkuu wa idara." Akataja kiasi chenyewe.

Ukumbi ukanong'ona. "Hata mimi na kibanda changu cha spea namshinda," mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka. Bosi alihisi uso unawaka moto. Hakuthubutu kutazama safu ya tatu. Alipoulizwa amefanya nini alijikaza kisabuni, akataja mitaro, taa za barabarani na soko lililoezekwa, kisha akaambiwa atoke nje kama utaratibu unavyotaka.

Akakaa kwenye benchi la korido. Aibu aliyoikimbia miaka yote ilikuja, ikamchoma kweli kweli, halafu ikapita. Akashangaa kuona bado yupo. Akavuta pumzi moja ndefu mpaka ikafika tumboni, na mabega yakashuka yenyewe. Hakuwa tena na kitu cha kumficha mtu, na raha yake alitamani kuilalia pale pale kwenye benchi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa kaka yake, na mama nyuma yake.

"Nyumba ya mama umeilipia kwa hela gani?" kaka akauliza.

"Mkopo. Na kesho nauza kiwanja."

Kaka akakaa pembeni yake, akaangalia viatu vyake. "Ile nusu kwenye kikao niliiandika mimi," akasema. "Mpigie dalali umwambie hakiuzwi. Mabati niachie mimi."

"Wamekukata mwaka jana."

"Wamekata, hawajanimaliza. Piga simu."

Akapiga. Dalali alilalamika weee, naye akamsikiliza huku machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. Alipokata simu, karani wa jopo akachungulia mlangoni: kura zimeshapigwa, anaitwa ndani.

"Watangoja," mama akamjibu karani. Akamgeuza binti yake kwenye mwanga wa dirisha, akamkagua mashavu yaliyobonyea na gauni lililompwaya, vitu ambavyo Jumapili zote aliviona akadhani ni kazi nyingi za ukubwa.

"Umekula leo?" akamuuliza.

Neno "ndiyo" lilishafika mdomoni, kama siku zote. "Sijala, mama," akasema. "Tangu jana."